Karatasi za Ukutani Chumbani mwa Kizuka

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Kiponda. Mwatum Mcha anapanda ngazi za nyumba ya ghorofa, mkono mmoja ndoo ya uji wa unga wa ngano, kwapani misokoto mitatu ya karatasi za ukutani. Uji ndio gundi yake. Mwanamke mwingine anayeishi kwa kazi hii mjini, anasema, hamjui.

Mwenye kazi ni Usi, karani aliyepandishwa cheo majuzi. Anampokea kwa bashasha, maana anataka chumba cha mbele kiwe ofisi yake ya nyumbani. Anazikunjua karatasi pale pale ukumbini: ya mistari, ya maua madogo, ya majani ya kijani. Ya mistari ina heshima ya kiofisi, anasema. Au majani? Anakuna kidevu kama mtu anayechagua mke.

"Ingia upime kwanza, Bi Mwatum. Mie nitaamua."

Mwatum anapiga hodi, anaingia, na anasita mlangoni.

Juu ya mkeka, chini ya dirisha, amekaa mwanamke aliyejitanda shuka nyeupe. Ni Bi Mize, mama mzazi wa Usi, kizuka, yaani mjane anayekalia eda ya mumewe aliyefariki. Miezi minne na siku kumi haijafika hata nusu. Pembeni yake meza ya ofisi imeshaingizwa, na mguu mmoja wa meza hiyo umekanyaga ncha ya mkeka.

"Nlidhani nshaingia chumba sicho," anasimulia Mwatum, mkono kifuani. "Nkatoka, nkamuuliza yule kijana, 'Mamaako yumo ndani, unajua?' Akanambia, 'Najua. Ndiyo maana nkakwita wewe. Mwanamme haingii kwa kizuka.'"

Hapo ndipo alipochoka kabisa. Kumbe kijana hakuisahau eda. Aliichunga barabara: fundi awe mwanamke wa kuingia kwa mama, kisha mama ahamishiwe stoo karibu na jiko, na majirani wasipate la kusema! Mwatum anatikisa kichwa mpaka leo.

Kazi yenyewe aliipata kwa sababu ya stara hiyo hiyo. Marehemu mumewe, Jaku, alikuwa fundi wa rangi na karatasi, lakini vyumba vya wanawake hakuweza kuingia. Akamfundisha mkewe. Tangu afiwe, Mwatum hulipwa shilingi thelathini kwa chumba, na vyumba vyenyewe si vya kila mwezi.

Alirudi ndani kuomba radhi. Bi Mize akanyoosha mkono.

"Nionyeshe hizo karatasi, bibi. Mbandikie ya majani. Babaake akipenda kijani."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Mie popote. Usigombane naye, ana wageni wa kazini."

"Nlilia mimi," anasema Mwatum. "Yeye hakulia."

Akakusanya vitu vyake, akamwambia Usi kwamba habandiki. Usi akaahidi kumwongeza pesa. Kisha akasema mama mwenyewe ameridhia.

"Ungemwomba macho yake angekupa," Mwatum alimjibu. "Basi na hayo utayatia ofisini?"

Kijana akasema atatafuta mwengine, na mlango ukafungwa. Ndoo nzima ya uji ikamwagwa, na unga wa ngano siku hizi kuupata ni shughuli.

Mpaka tunakwenda mitamboni, meza haijatolewa, wala Bi Mize hajahama. Mwatum hupita chini ya dirisha lile kila akienda sokoni Darajani, akainua macho.

Siku eda itakapokwisha anataka kurudi, bila ndoo, apige hodi kwenye chumba kile kile.

"Nikimkuta yumo, nitamshukuru Mungu nende zangu," anasema. "Nikimkuta stoo, nnamchukua. Chumba nnacho kimoja tu, kitanda kimoja. Tutalala wawili."