Upanga wa Eikichi na Jina la Kubandikwa

Eikichi, muuza tofu wa Osafune, mji wa Japani uliosifika kwa wafua panga, alikuwa na moyo mweupe na mdomo usio na kifuniko. Aliporithi upanga wa mjomba wake, haikupita wiki soko zima likajua kwamba ulifuliwa na fundi mkuu wa kale. "Jina lake limechongwa humo humo," aliwaambia wateja, wapende wasipende.

Mkewe Mitsue alichoka. "Upeleke kwa Mwalimu Sugaya, baba, nasi tupumue."

Jumapili wakaenda kwenye ukumbi wa hekalu, wanakokutana wapenzi wa panga. Mzee Sugaya, aliyezeeka akisugua panga, aliinama kwanza kuuheshimu, akachomoa kijiti cha mwanzi kilichoushikilia mpini, akautoa mpini. Akalitazama jina lililokuwa limejificha ndani. Akausogeza upanga karibu na macho.

"Sema tu, Mwalimu," alisema Eikichi.

"Chuma hiki kina kutu ya kale, ila ndani ya herufi kutu ni changa. Jina limebandikwa baadaye, bwana, ili upanga uuzike."

Masikio ya Eikichi yalipata moto. Alifikiria soko zima.

"Sasa sahau jina," Sugaya akasema. "Sogea uangalie."

Akauinua upanga kuelekea kwenye taa. Kandokando ya makali ukajitokeza mstari mweupe kama ukungu, wenye vichwa vya mviringo vilivyosongamana, mithili ya karafuu mbichi kwenye shada. Eikichi alikuwa ameutazama upanga ule mara nyingi, lakini mstari huo hakuwahi kuuona. Alikuwa akisoma jina tu.

"Kwa mstari huu, aliyeufua alikuwa wa hapa hapa kwetu," alisema Sugaya. "Hatumjui, lakini alijua kazi."

Mitsue naye alikuwa ameshika kinga ya mkono ya upanga ule, kisahani cha chuma kilichotoka pamoja na mpini, chenye umbo la kereng'ende lililotobolewa kwa ustadi. "Mabawa yake membamba hivi! Wewe endelea na makali yako. Mimi nimepata changu."

"Na huyo si wa kubandikwa," Sugaya akacheka.

Kesho yake Eikichi aliwaeleza wateja ukweli, tena kwa madaha yale yale. "Kwa hiyo fundi wako hana jina?" muuza samaki akamchokoza.

"Hana. Lakini njoo nyumbani uione kazi yake, ndipo ucheke."

Muuza samaki alikwenda, na hakucheka. Tangu hapo Eikichi hakosi mkutano wa hekalu. Panga huletwa zikiwa zimefichwa majina, kila mtu akabahatisha fundi, na yeye hukosea karibu kila mara. Siku alipopatia walau mkoa ulikofuliwa upanga, aliwanunulia wote maandazi ya mchele, na Mitsue akala mawili.