Kilti ya Baba Ilipoanza Kupwaya

Ijumaa mchana chumba chetu cha mtaa wa Al Mansoura, Doha, kilinuka sufu mbichi iliyopigwa pasi. Mama alilaza marinda ya kilti ya Baba, rinda moja baada ya jingine, huku kiyoyozi kikinguruma bila kupoza chochote. Baba alikuwa mpuliza zumari ya mfuko. Alijifunza kuipuliza katika bendi ya polisi kwetu Kenya, na hoteli moja ya Doha ikamwajiri awapulizie wageni mlangoni na harusini, akiwa amevaa hiyo sketi ya wanaume wa Uskoti. Mimi nilikuwa na miaka tisa.

Fundi cherehani wa mtaani alimpima kwa makini: kiuno juu ya kitovu, upindo katikati ya goti, marinda yote nyuma. Siku ya kwanza ilimkaa kama aliyezaliwa nayo. Akainama, akaketi, akapanda ngazi, haikumbana wala haikuteleza. “Nguo ikikukaa, unaisahau,” aliniambia akicheka. Miezi michache baadaye hakuweza kuisahau. Aliivuta juu kila hatua. Mama akasogeza vikanda vya ngozi vya ubavuni, ikakaa. Mara ikapwaya tena, akasogeza tena. Majirani walimsifu kuwa amerudi ujanani. Mimi niliona jinsi alivyokunywa maji, chupa juu ya chupa, na kiu isikatike.

“Baba Nekesa, nguo haipanuki,” Mama alisema, pini mdomoni. “Ni wewe unayeisha. Nenda hospitali.”

“Wakinikuta na ugonjwa watanirudisha nyumbani, na nyinyi mko hapa kwa kibali changu. Punguza tu, Mama Nekesa.”

Mama akapunguza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini hawakutuambia mke na mtoto wafanye nini wakati wakikisubiri hicho kilio.

Kilikuja kwenye sherehe moja Al Wakrah, ufukweni, ambako wafanyakazi waliruhusiwa kuleta familia. Baba alitangulia akipuliza, bwana na bibi harusi nyuma yake. Nikaona upindo umeshuka chini ya magoti. Zumari ile hushikwa kwa mikono miwili. Akiachia mmoja, wimbo unakatika. Akatanua miguu, akabana viwiko, akaendelea. Wageni wakapiga picha. Nilitaka kukimbia nikamshike kiuno, ila Mama alinikamata bega. Wimbo ukayumba, ukazimika kwa mlio mrefu, naye akaketi mchangani taratibu, amekusanya sufu mapajani kwa mikono yote miwili. Hakuweza kuinuka.

Hospitali walisema ni kisukari, kimeachwa muda mrefu. Mkataba wake haukuongezwa, tukarudi Kakamega.

Leo mimi ndiye ninayefanya kazi Doha, mapokezi ya hoteli nyingine. Treni ya metro inanifikisha kazini bila jasho, na hakuna ninachojua vizuri kuliko dalili za ule ugonjwa. Utotoni niliona kila kitu na sikuwa na la kusema. Sasa nina la kusema, ila sioni. Kila Ijumaa nampigia Baba kwa video na kumwomba asimame, arudi nyuma kidogo nimtazame. Hucheka. “Niko sawa, mama,” hunijibu, na kuisogeza simu karibu zaidi, mpaka kioo chote kinajaa uso wake tu.