Udawe na Manowari ya Mkwe Wake

Watu wa Katesh wakimkumbuka Udawe huanza na simba. Eti alimfukuza simba zizini kwa fimbo ya kuchungia, usiku wa mvua, peke yake. Mimi nilimfahamu miaka mingi na hilo la simba sikuliona. Nilichokiona ni kwamba mama huyo, ambaye hakujua kukimbia kitu chochote chenye meno, aliogopa jina moja la mtu, na aliliogopa mpaka bangili zikamlia mikononi. Mwanzoni nilimcheka. Baada ya safari yetu ya Mbulu sikumcheka tena.

Alikuwa Mbarbaig wa Gehandu, mrefu, mwenye vazi lake la ngozi na shaba kutoka kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko. Alikuwa akileta samli na ngozi kwenye duka la mume wangu, Seifu, na Kiswahili chake alikiokota palepale dukani, akiwa amekaa juu ya gunia la chumvi. Mimi Mwantumu nilikuwa mke kijana, mgeni wa mji, na mdomo wangu haukuwa na mlango. Tukazoeana.

Kwa Wabarbaig, mwanamke akishaolewa halitaji jina la baba mkwe wake. Halitaji akiwa hai wala akiwa kaburini, na hata maneno yanayofanana na jina hilo huyakwepa, akatumia mengine aliyofundishwa na wake waliomtangulia. Baba mkwe wa Udawe aliitwa Gidabuday. Mimi nalitaja, hakuwa mkwe wangu. Alikuwa mpiganaji wa kuogopwa, akafa kabla ya vita vya Hitla, na kichuguu cha kaburi lake kilionekana kutoka njiani. Siku moja nilimuuliza Udawe ingekuwaje jina hilo likimponyoka kwa bahati mbaya. Aligeuka kwanza akatazama nyuma yake.

"Kumwita mkwe kwa jina ni kumvua nguo," alisema. "Mimi sitaki kumwona mzee yule uchi."

Basi vita vikapamba moto. Serikali ikaomba ng'ombe wa kulisha askari, na watu wa Hanang wakatoa mpaka mazizi yakapungua sauti. Bwana DC, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, akaja kutoka Mbulu kushukuru. Akaitisha baraza mbele ya duka letu, akasema kwamba kuna manowari ndogo ya kulinda pwani, na kwa ajili ya ng'ombe wale, wazee wa Hanang wamepewa heshima ya kuipa jina.

Hakuna aliyewahi kuiona bahari. Wazee wakataka kwanza kujua Waingereza wenyewe huzipaje majina. Bwana DC alifurahi kuulizwa. Alieleza kwamba nyingine hupewa majina ya wafalme wao, nyingine ya miji, nyingine ya wanyama wakali, nyingine ya makabila yanayosifika kwa kupigana, na meli ikizama, jina lake halitupwi, hupewa meli nyingine iliyo mpya. Akasema zipo pia zenye majina ya maua. Mkalimani alirudia mara mbili hapo, maana walidhani amekosea. Mzee mmoja akauliza kama adui hukimbia akisikia kwamba waridi linakuja. Baraza zima likacheka, hata Bwana DC.

Yeye alikuwa amekuja na jina lake tayari mfukoni: Hanang, kama mlima wetu. Hapo kicheko kikakatika. Wazee waliinama wakazungumza kwa muda mrefu, kisha wakakataa. Mlima ndio unaotuletea mvua, walisema, na kitu kinachopelekwa vitani kinaweza kuzama. Mlima ukizama majini, mvua itatoka wapi? Afadhali kutoa jina la mtu, na afadhali mtu aliyekwisha kufa, kwa sababu yeye hafi tena. Wakamtoa Gidabuday.

Mimi nilikuwa kibarazani, nikaona upande wa wanawake. Wake wa wanawe wote walipeleka mikono midomoni kwa pamoja.

Laiti mambo yangeishia hapo. Bwana DC alisikia kwamba marehemu ana mjukuu aliye askari wa Keya, jeshi la Waingereza, yuko Arusha. Naye alikuwa ni Gidamis, mtoto wa kiume pekee wa Udawe. Bwana yule aliona jambo zuri sana, mjukuu asafiri ndani ya jina la babu yake. Akaandika huko anakoandika, na Gidamis, kijana aliyezoea kuoga kwa kata, akahamishiwa melini. Nina hakika Bwana DC alilala vizuri siku hiyo, akijua ametoa zawadi.

Udawe hakulala. Alikonda. Alikuja dukani akasahau samli nyumbani. Nilipomwambia kwamba jina ni jina tu, alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeshika nyoka.

"Mzee yule amembeba mwanangu mgongoni," alisema, "yuko naye juu ya maji. Nikimvua nguo sasa, atamtupa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hofu yake haikuwa ya adabu peke yake. Yeye na wake wa shemeji zake wakaipa meli ile jina la kwao, Zizi la Maji, ili waweze kuomba dua na kuulizana habari bila kukosea. Kwa miezi mingi ikawa hivyo. Habari za Zizi la Maji? Nzuri. Hakuna aliyejua kama ni nzuri, lakini ndiyo salamu.

Kisha siku ya mnada, dereva mmoja wa malori alishuka na maneno kutoka pwani. Alisema manowari za Wajerumani zinazotembea chini ya maji zimefika karibu, zimepiga meli kadhaa, na ile ya kwetu imo. Wengine walisema imezama, wengine walisema imeungua. Mnada wa ng'ombe ukageuka kuwa mnada wa maneno. Nilimtafuta Udawe nikamkuta amekaa chini katikati ya watu, ameshika kamba ya ndama ambaye alikuwa ameshauzwa, na mwenye ndama anaona haya kumwomba kamba.

Nilimwambia tutakwenda Mbulu kuuliza bomani. Kuuliza si ujinga. Aliniuliza ataulizaje, na jina halitaji. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mdomo ninao mimi. Seifu alinung'unika kidogo, lakini lori lake la ngozi lilikuwa linapanda Dongobesh mpaka Mbulu hata hivyo, nasi tukakaa juu ya mzigo. Harufu ya ngozi zile, baridi ya milimani, na mama huyo pembeni yangu ameshika bangili zake zisilie. Mimi mwenyewe nilianza kuogopa. Nilikuwa najiuliza nitarudi naye vipi kama jibu ni baya.

Bomani tulimkuta karani anayeitwa Nikolausi, kijana wa Kiiraqw kutoka Tlawi, shati limepigwa pasi. Alimwamkia Udawe shikamoo kwa heshima, akamtolea kiti. Udawe akakaa sakafuni. Karani akauliza shida yetu, nami nikaifungua yote kwa mpigo mmoja: huyu ni mama wa baharia, tumesikia manowari Gidabuday imepigwa, tunataka kujua.

Sijawahi kuona uso ukibadilika hivyo. Nikolausi alisimama akafunga dirisha. Akaniuliza ni nani aliyenituma, ni nani aliyeniambia, na kwa nini mke wa mfanyabiashara anatembea na habari za meli za vita. Akasema kuna amri: wakati wa vita jina la manowari, mahali ilipo na hali yake havitajwi na mtu yeyote, na kuna mtu ameshafungwa kwa maneno kama hayo niliyoyasema. Mdomo huponza kichwa, nami siku hiyo nilikiona kichwa changu kikienda. Alinitoa nje mpaka barazani. Mlango aliuacha wazi, nafikiri ili asionekane anaficha kitu, na mimi nikabaki pale ukutani.

Nilimsikia akirudi, akimwambia Udawe kwa upole aende nyumbani.

"Mama, hilo jina mimi siruhusiwi kulitaja."

Ikaja sauti ya Udawe, ya chini sana: "Wewe pia?"

"Mimi pia. Hata Bwana DC."

"Kwa nini?"

"Likitajwa, adui anasikia. Anawapata waliomo."

Nilichungulia nikaona Udawe ameinua uso, anamtazama karani kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana.

"Kumbe na nyinyi mmeolewa," alisema.

Nikolausi alitaka kucheka akashindwa. Udawe akaendelea, polepole, akitafuta kila neno la Kiswahili mahali alipoliweka. Alisema wanawake walioolewa hawatakiwi kutaja, lakini hakuna aliyewakataza kuuliza. Wanazunguka kwa nje. Yeye ana zizi, liko mbali, liko kwenye maji. Ndani yake kuna ndama wake mmoja, hana mwingine. Amesikia sokoni kwamba fisi ameingia.

"Nakuuliza habari za zizi," alisema. "Jina sikuulizi."

Karani alikuja mlangoni. Alinitazama mimi, akatazama ng'ambo kwenye ofisi ya Bwana DC, na nikaona jasho juu ya mdomo wake wakati Mbulu ilikuwa na ukungu. Alikuwa anaogopa kama sisi. Nilifikiri ataita askari. Akarudi ndani, akavuta kile kiti alichomtolea Udawe, akakaa yeye.

"Fisi alikuja," alisema.

Nilishika ukuta.

"Alitoboa ubavuni. Lakini zizi halikuanguka. Limefika mahali pa kutengenezwa."

"Na ndama?"

"Wamekufa wawili."

Bangili zilianza kulia. Nilizisikia kabla sijamsikia yeye. "Wa nani?"

"Si wa huku, mama. Wa huku akifa, simu inakuja hapa, na anayepokea ni mimi. Haikuja. Wa kwako yuko hai."

Udawe hakupiga kelele. Aliinama mpaka paji la uso likagusa saruji, akakaa hivyo, na shaba zake zikaendelea kulia kwa sababu mikono haikujua kwamba mambo yameisha. Mimi nililia barazani mbele ya watu waliokuja kulipa kodi, bila haya. Walidhani tumefiwa.

Nilipojifuta macho nilimsikia Nikolausi tena, na sasa sauti ilikuwa ya mtu anayeanza kuhesabu alichofanya. Alimwambia Udawe kwamba ana mke na mtoto mchanga Tlawi, na kwamba neno hili likifika sokoni, yeye amekwisha.

Udawe alisimama, akajinyoosha urefu wake wote, akamwekea mkono begani.

"Mwanangu," alisema, "tangu niolewe sijalitaja. Nitaanza leo?"

Tulirudi Katesh. Watu walituzunguka kabla lori halijasimama. Udawe aliwaambia ndama anakula, basi, akashika njia ya Gehandu. Walinigeukia mimi, ambaye hata chumvi ikipanda bei nilikuwa naitangaza. Nikawaambia naumwa jino. Niliumwa jino hilo mpaka vita vilipokwisha, na Seifu alisema ndiyo miaka aliyofaidi ndoa.

Gidamis alirudi amenenepa, anatembea akiyumba kidogo, anawasimulia wazee mambo ya samaki wasiyoyaamini. Alimletea mama yake zawadi, kofia yake ya ubaharia. Udawe hakuigusa. Ilikaa siku kadhaa juu ya kigoda, watu wanaizunguka, mpaka nilipokwenda kumwamkia, na jambo la kwanza akanionyesha kwa kidevu utepe wa kofia, wenye maandishi asiyoweza kuyasoma.

"Soma. Lakini usome kwa macho."

Nikasoma. Zilikuwa herufi tatu za Kiingereza, maana yake meli ya Mfalme, na baada yake utepe mtupu. Gidamis akaeleza kwamba wakati wote wa vita mabaharia hawakuruhusiwa kuvaa jina la meli yao kichwani. Nikamwambia Udawe jina halimo.

Alikuja akapitisha kidole pale palipoachwa wazi, akarudia tena.

"Hapa hakuna mtu uchi," alisema. Akaivaa kofia, akachukua kibuyu, akaenda kukamua.