Dole Gumba Langu kwenye Hati ya Suluhu

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo ile karatasi sikuiandika mimi. Aliiandika mwenye nyumba, kule Mesquite, mji wa huku ughaibuni, mwaka 2017, nami nikaiwekea dole gumba. Nasema mapema nisije nikaonekana najificha.

Nilikuwa nakaa Mansfield, mji wa jirani, kwa mwanangu wa kiume, nalea wajukuu wanaonijibu Kiingereza. Sisi Watanzania wa huku tukigombana tunaita mtu mzima atusuluhishe. Polisi ni aibu. Basi yule mwenye nyumba wa Mesquite, mama wa Kitanzania mwenzetu, akaniita. Alikuwa na binti wa kazi aliyemleta kutoka nyumbani kwa ahadi ya shule, na sasa, alisema, binti ameota mapembe, anadai pasipoti yake.

Nikaenda. Binti alisimama karibu na friji, mikono imechubuka kwa dawa za kusafishia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kuna nini na mama yako huyu?"

Akasema tangu afike hajatoka peke yake, simu anapewa Jumapili tu aongee na mwanawe aliyemwacha kwa mama yake mzazi, na shule hajaiona hata ukuta.

"Pasipoti namtunzia," mwenye nyumba akadakia. "Huyu hata soksi anapoteza."

Tukacheka. Mimi nilicheka.

Niseme kilichokuwa kichwani mwangu. Nami nililelewa kwa watu, Tanga, nachota maji hawajaamka, nakula wakishamaliza. Kulikuwa na mbuzi mweusi akinifuata mpaka bombani, ndiye aliyekuwa mwenzangu, nikimwambia kila kitu. Tumwache mbuzi. Nilidhani ndivyo binti anavyofundwa.

Nikamwambia, "Mwanangu, piga magoti, omba radhi, yaishe."

Akapiga. Ikaandikwa kwamba anakaa kwa hiari yake na hana malalamiko. Akatia sahihi huku ananitazama mimi.

Mwaka uliofuata alipelekwa kliniki anaumwa, muuguzi akamdadisi, na hakurudi tena Mesquite. Watu wa kliniki walimpatia wakili Houston. Wakili akamweleza kuwa nchi hii ina sheria ya taifa zima: mtu aliyeletwa kwa hadaa akashikiliwa kazini anaweza kupewa ruhusa ya kukaa, na mtoto wake akaletwa. Ila lazima ionekane hakukaa kwa kupenda. Na mwenye nyumba alikuwa ameshawapa wachunguzi ile karatasi.

Binti akanipigia. "Bibi, karatasi yenu inanikosesha mwanangu."

Mwanangu wa kiume alinipeleka Houston. Njia nzima ananung'unika. "Mama, ukiyasema hayo hakuna atakayekualika hata arusini."

"Wasinialike. Pilau lao lenyewe chumvi tupu."

Tukafika ofisini. Wakili akauliza, mkalimani akanitafsiria: binti aliomba radhi kwa hiari?

"Nilimpigisha magoti mimi," nikasema. "Sikumuuliza kama anataka kuondoka. Niliogopa atasema ndiyo, halafu ningempeleka wapi?"

Binti alikuwa amekaa kiti cha pili. Hakugeuka.

Maneno yangu yakaandikwa, nikaapa. Wakili alisema yatasaidia, lakini karatasi ilikwisha kulirudisha shauri nyuma karibu mwaka mzima. Ruhusa yake ilitoka mwanzoni mwa 2020. Ya mtoto nayo ikakubaliwa, likabaki suala la mahojiano ubalozini, huko nyumbani. Ndipo korona ikaingia, ubalozi ukafunga milango.

Juzi nilikuwa naye akimpigia mwanawe, ambaye bado anasubiri huko nyumbani. Mtoto akaamkia vizuri, akajibu kwamba amekula, akauliza kama anaweza kwenda kucheza. Haikufika dakika mbili.

"Zamani alikuwa hanyamazi," binti akasema. Akaifuta simu kwa upindo wa kanga, ingawa haikuwa na kitu. "Mwaka ule mmoja, bibi. Angekuwa ameshafika."

"Najua," nikamwambia.

Akainuka kuosha vyombo. Nikataka kumsaidia, akasema niache tu.