Ushuhuda Ulionichosha

Kwa miaka sita nilizunguka na ushuhuda mmoja. Butembo, Musienene, mara moja hadi Kanyabayonga, nilisimama mbele ya watu na picha niliyoichora mwenyewe, nikawaeleza jinsi binti yangu alivyokufa kwa homa akiwa na miaka minne. Nikawaeleza jinsi nilivyokaa mwaka mzima bila kukanyaga kanisani, na jinsi siku moja nilivyookota brashi na rangi ya ukuta iliyobaki kwa wapaka nyumba, nikamchora Bikira Maria kwenye shuka kuukuu. Mwishoni nilisema, "Na Bwana akanipa amani." Hapo akina mama walipiga vigelegele na kwaya ikaanza kuimba.

Shida ni kwamba sentensi ile ilikuwa kweli mwaka wa kwanza. Baadaye ikawa kweli wiki hii na uongo wiki ijayo. Kuna siku nilikuwa nasugua sufuria nyuma ya nyumba huku namgombeza Mungu kwa Kinande, maana kwa Kiswahili ningejikuta nasema kwa adabu. Halafu Jumapili navaa kitenge kizuri, nasimama, nasema nimepewa amani.

Nilimwambia mume wangu, anayeuza maharagwe sokoni. Hakuacha hata kuchambua maharagwe yake.

"Sema tu," akanijibu. "Batu bapendaka ile."

Basi mama mmoja, présidente wa kundi la akina mama katika parokia fulani ya Beni, akanipigia simu. Walikuwa wamepokea wanawake waliokimbia vita upande wa Kamango, wengi wakikaa kwa ndugu na marafiki. Alitaka niende kuwasemesha Ijumaa, baada ya misa.

"Utuletee picha ya mupya," alisema. "Na mama, usisahau ile ya amani. Bamama bamechoka."

Nilichora kwa siku tatu, kwenye shuka jingine. Yesu yuko njiani na msalaba wake, anakutana na wanawake wa Yerusalemu, lakini wanawake wale niliwapa sura za mama zetu wanaotoka shambani: kitunga cha kuni mgongoni, na mukaba umepita kwenye paji la uso kushikilia mzigo. Nilimaliza Alhamisi alasiri. Baridi ya Butembo mnaijua. Rangi haikauki upesi. Nikaikunja hivyohivyo ndani ya plastiki kwa sababu lazima nitoke asubuhi.

Motari wangu, yule wa kunibeba kwa pikipiki, alikuwa jirani yetu, Mwislamu, mtu mzima anayejua kila shimo la barabara ile. Tulipofika Maboya mvua ikatuangukia kama imemwagwa. Tukajibanza kwenye baraza la duka lililofungwa. Mimi nilianza kulalamika: mvua, saa, barabara, hii picha, hawa watu wanaopanga mikutano bila kuangalia mawingu. Yeye alinisikiliza kidogo, akatandaza koti lake pale kwenye saruji, akaswali. Mimi niliyekuwa naenda kuhubiri sikuwa nimesali tangu niamke, na hilo likanikasirisha zaidi kuliko mvua.

Beni kulikuwa na joto. Katika ukumbi wa parokia wanawake kama arobaini walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi. Nilifungua plastiki mbele ya présidente, na uso wa Yesu ukabanduka wote, ukabaki umeganda kwenye plastiki. Wanawake na vitunga vyao walikuwa wazima kabisa. Yeye tu ndiye hakuwa na uso.

"Eh, mama!" présidente akasema. "Sasa tutafanya aje? Donc, semea tu bila picha."

Nilitaka kupanda pikipiki nirudi nyumbani. Nilisimama mbele yao na hasira hadi kwenye vidole. Nikawaeleza habari za mtoto wangu kama siku zote, ile homa, kile kitanda cha hospitali. Nilipofika mahali pa kusema sentensi yangu, haikutoka. Nikasema, "Ndugu zangu, mimi leo sina amani. Nimechoka kuwadanganya watu. Sina."

Nakiri nilitegemea kitu. Nilidhani watalia pamoja nami, au angalau watanyamaza kwa heshima, kwamba hatimaye mtu amewaambia ukweli. Badala yake mama mmoja wa benchi la pili akasimama. Alikuwa mwembamba, amefunga kitambaa cha kijani kichwani.

"Mama," akasema, "umetoka Butembo, umenyeshewa mvua, unakuya kutuambia eti hauna amani? Ile ya kukosa amani tuko nayo. Hata bila wewe tuko nayo."

Wengine wakacheka. Présidente akaipungia kwaya mkono, kwaya ikaanza kuimba kabla sijaketi.

Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi nikiikunja picha vibaya, pembe moja huku, nyingine kule. Yule mama akanifuata. Nilidhani amekuja kuomba msamaha, na nilikuwa tayari kutomsamehe.

"Ile picha iko wapi? Nionyeshe."

Nikaikunjua. Akaitazama, uso uliobanduka akaupita. Akaweka kidole kwa mmoja wa wale wanawake.

"Huyu atavunjika shingo. Mukaba hauwekwi hapa. Wewe unachoraka bila kubeba?"

"Nilibeba," nikasema. "Nikiwa mtoto, kwa bibi yangu Musienene."

"Basi ulisahau."

Akachukua kitenge changu cha begani, akakipitisha kichwani mwake, akainama kama mtu mwenye mzigo. "Ona. Iko juu, pale nywele zinaanzia. Na mikono inashika hivi, pembeni ya masikio." Nilikuwa nimeudhika, lakini alisema kweli. Nikatoa kalamu ya risasi mkobani nikaweka alama. Ndipo nikamwuliza, bila kufikiri sana, alibeba nini siku alipokimbia.

"Mama yangu," akasema. "Siku mbili. Alikuwa hawezi kutembea. Alikufia hapa Beni, kwa kitanda, tulimuzika muzuri."

Akanirudishia kitenge.

"Njo maana nilitaka unisemee ile ya amani. Nilitaka kujua kama inakuyaka."

"Inakuja," nikamwambia. "Halafu inaondoka. Halafu siku nyingine inakuja tena."

Akanitazama kama mtu anayemtazama muuzaji aliyeficha bidhaa nzuri chini ya meza.

"Sasa si ungesema vile?"

Miaka sita nilisema nusu moja, na siku niliyojiona shujaa nikasema nusu nyingine. Nilimwambia, "Wasingya," asante ya Kinande, akajibu kwa lugha hiyohiyo, akarudi ndani kwa wenzake. Jina lake sikuliuliza. Hilo nalo linaniudhi mpaka leo.

Habari zilifika Butembo kabla yangu. Padri wetu akaniita ofisini.

"Nimesikia ulisema hauna amani. Mbele ya wakimbizi!"

Nikamweleza yote, hata habari ya mukaba. Alisikiliza kwa upole, akasema nipumzike kidogo na shuhuda. Nilipumzika miezi minne, na sikupumzika hata kidogo.

Baadaye Musienene wakaniomba nije siku ya soko, maana pale hakuna anayesoma ujumbe kutoka Beni. Niliwaambia jinsi nilivyoambiwa nikaseme: inakuja, inaondoka, inakuja. Watu walikohoa. Wanawake wawili waliinuka wakaenda kuangalia viazi vyao. Baada ya sala ya mwisho mzee mmoja aliyevaa koti zito alinisogelea, nikajiandaa kumfariji.

"Mama, banasema unajua kuchora," akasema. "Njoo uniandikie jina la duka yangu kwa ukuta. Ile ya zamani mvua ilikula."

Nilimkubalia. Jumatatu nilipanda ngazi yake ya mbao, nikaandika herufi kubwa za bluu hadi jioni, naye chini ananielekeza: kushoto kidogo, hapana, kulia.