Mwaka Wangu wa Kutwanga Karanga

Hapa mtaani kwetu Panda mimi ni msomi. Nilipata asilimia sitini na nne kwenye mtihani wa serikali, mtaa mzima ukanimwagia poda kichwani, ndiyo pongezi za kwetu, hadi nikashinda nikipiga chafya. Baadaye nikagundua kwamba kwa Waamerika sitini na nne ni alama ya mtoto aliyekuwa akisinzia darasani. Lakini nilikuwa nimeshatangaza. Hata wauza mkaa nilikuwa nimewaambia: chuo cha hapa siandikishi jina, minye naenda Amerika! Mdomo uliniponza.

Basi nikakaa nyumbani mwaka mzima nikiomba vyuo vya Amerika vinipokee na kunilipia. Wenzangu walianza masomo Lubumbashi, wakirudi likizo wananisalimu, "Amerika, ungali hapa?" Jina hilo alilianzisha mama yangu, Marceline. Yeye anauza kikanda sokoni: mizizi ya porini inatwangwa, inachanganywa na karanga zilizotwangwa na pilipili, inapikwa mpaka inashikana, halafu anaikata vipande. Bega lake liliharibika, kwa hiyo mchi ukawa wangu. "Weye Amerika, kuya utwange!" Nami natwanga, huku nachungulia kama kuna msichana anayepita.

Kwenye maombi yangu sikuandika habari za mchi. Niliandika kwamba mwaka huo nilikuwa naongoza mradi wa maendeleo ya jamii. Jamii yenyewe ni mama, na aliyeongoza ni yeye.

Vyuo vikanikataa kimoja baada ya kingine, kwa adabu nyingi sana. Kikabaki kimoja, nacho kikasema mtu wao, Madame Michelle, anataka kuzungumza nami kwa video. Naye akikataa, basi, hakuna Amerika tena, na mwaka wangu umeliwa na panya.

Siku hiyo niliazima koti la jirani yetu Arsène, mtu mnene. Ndani yake tungeenea wawili. Chini nikabaki na kaptula. Nikaegemeza simu kwenye sufuria, nikamwomba mama asipige kelele.

Madame Michelle akatokea, mama mwenye mvi tupu. Sasa mimi, mtoto wa Marceline, nimtumbulie macho mtu wa umri wa bibi yangu? Nikainamisha kichwa, nikakunja mikono, nikangoja nisemeshwe kama nilivyolelewa. Akauliza swali, nikajibu "Ndiyo, Madame" nikitazama magoti. Akauliza la pili, nikajibu vilevile. Mwishowe akasema, "Nadhani picha yako imekwama."

"Hapana Madame, ni heshima," nikasema kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Akacheka kidogo, akaomba nimweleze ule mradi wa jamii. Ole wangu! Nikagugumia habari za maendeleo, maneno yakaniishia hata sijafika mbali.

Hapo mama akaingia na sahani.

"Weye Amerika! Mugeni iko hapa toka saa ile na haumupe hata kintu ya kula? Minye njo nilikulea vile?" Akaisogeza sahani ya kikanda mpaka mbele ya simu. "Karibu, mama. Kula."

Nilitamani ardhi inimeze. Madame Michelle akasogeza uso karibu. "Hiyo ni nini? Nani ameipika?"

Uongo wangu ulikuwa umekwisha. Nikamwambia: mama anapika, mimi natwanga. Nikasimama kumwonyesha mchi unavyoshikwa, kaptula nikaisahau kabisa. Nikamwambia ukitwanga karanga kwa hasira zinatoa mafuta na kikanda kinaharibika, na kwamba nimeharibu vingi, maana hasira nilikuwa nayo tele kila nilipowaona wenzangu wanasoma. Nikamwambia naona haya. Nilikuwa namtazama machoni, Mungu anisamehe. "Mradi wenyewe ni huu," nikamaliza. Mama hakuelewa hata neno moja, lakini alisimama pembeni akiitikia kwa kichwa kama tuko kanisani.

Majibu yalikuja mwezi wa nne, niko kinuni. Wamenikubali, na watanilipia kila kitu. Nikapiga ukelele, majirani wakatoka mbio, Arsène akaleta poda akanimwagia mpaka mchi nao ukawa mweupe. Nilicheka kama mwehu.

Mama hakucheza. Alingoja watu wapungue, akanijia pale kinuni.

"Symphorien," akaniita. Mwaka mzima sikuwa nimelisikia jina langu kinywani mwake.

"Mama?"

"Leta ule muchi."

"Na bega yako, mama?"

"Leta," akasema. "Nianze kuzoea."

Nikampa. Alitwanga kwa mkono mmoja, polepole, nami, msomi mzima mwenye poda kichwani, nikasimama pale nalia mbele ya majirani.