Kikwembe cha Nyanya

Nafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari hapa Bukavu, na wanafunzi wangu wanajua sina subira na mtu anayetumia neno lililo karibu na neno sahihi. Karibu si ndani, huwaambia. Mwaka jana mama yangu alinitia adabu kwa jambo hilohilo.

Binti wa dada yangu alikuwa anaolewa Amerika. Mama ndiye aliyembeba mtoto huyo mgongoni huko kijijini Nyantende mpaka akatimiza miaka minne, kabla dada hajahama naye. Siku hizi anaongea Kiingereza tu, na mchumba wake ni kijana wa hukohuko. Wazee wa familia walipanga orodha ya mahari, mimi nikapewa kazi ya kuiandika kwa Kiingereza. Kuhusu ng'ombe walilegeza upesi, maana nani atapandisha ng'ombe ndege? Mama alishikilia kitu kimoja: kikwembe cha nyanya, kitambaa ambacho muoaji humletea nyanya wa bibi arusi.

"Papa," aliniambia, kama anavyoniita tangu utoto, "ile kikwembe haina mazungumuzo. Ikikosa, mutoto anaenda sawa vile hakuwa na nyanya. Mimi sitamubariki."

Dada naye akasema bila baraka ya mama hapangi siku ya arusi. Mzigo ukanilalia mimi na kamusi yangu.

Nilikaa mezani nyumbani kwangu, mtaa wa Muhumba, mchana mzima, nikitafuta neno la Kiingereza la kusema kikwembe hicho ni cha desturi, hakirukwi. "Usual" ni kitu cha kila siku, na cha kila siku mtu anaweza kukiruka leo asione aibu. "Regular" linafaa vidonge vya malaria. "Fixed" linanuka duka, kijana angedhani tunamkatalia kupunguza bei. "Established" nililiona limevaa tai, linangoja kwenye ofisi ya serikali. Nilikasirika, nikamkasirikia na mama, kisha nikaandika "customary" na kutuma orodha kwa simu. Kusema kweli niliogopa. Kama kijana angelisoma neno hilo kijuujuu, mama yangu angebaki na donda hilo mpaka kufa.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Nilipanda Nyantende nikamsomea mama uani, yeye akichambua maharagi kwenye ungo. Kijana alisema neno lile amelitafuta maana yake, na kikwembe atakileta kwa mkono wake mwenyewe. Mama akafumba macho, akashukuru Mungu.

Lakini jibu liliendelea. Kijana alilelewa na nyanya yake, na yule mama mzee alikuwa na swali: nyanya wa muoaji hupewa nini? Maana yeye pia anatoa mtoto.

Nikacheka. Kwetu vitu hutoka upande wa mwanamume kwenda upande wa mwanamke, ndivyo tulivyokuta. Nikaanza kuandika jibu.

"Unaandika nini?" mama akauliza.

"Naandika haiko."

Akatoa kijiwe kwenye maharagi, akakitupa. "Ule mama alimulea ule kijana yeye mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi andika iko."

"Mama, desturi haitungwi hivi, mtu akiwa na ungo mapajani. Mimi ni mwalimu, siwezi kuandika uongo."

"Na ya kwetu ilitungwa na nani? Haikuwa mutu? Andika iko. Na ile neno yako ya nguvu, uitie."

Nikaandika kwamba iko, kikwembe kwa nyanya wa muoaji, na mbele yake nikaweka "customary", neno lilelile lililonichosha mchana kutwa, kwa kitu ambacho kilikuwa hakijamaliza hata dakika tano tangu kuzaliwa. Mama akataka nimsomee. Akauliza kama neno ni lile la kikwembe chake. Nikamwambia ni lilelile.

Akaniagiza nimletee sanduku lake. Ndani, chini ya nguo zote, mlikuwa na kikwembe kipya kilichokunjwa. Nilikijua. Miaka mingi alikuwa akitukumbusha watoto wake kwamba hicho ndicho atakachozikwa nacho.

"Mutume hii," alisema. "Yangu inakuya."